Nilivyochagua mshiko wa fohendi kwenye frisbii

Kisahani cha alitimeti, mchezo wa timu mbili zinazopasiana frisbii, kina uzito wa gramu 175 na upana wa sentimita 27 hivi. Ukirusha fohendi, yaani kutoka upande wa mkono unaorushia, kazi karibu yote iko kwenye vidole vitatu: gumba juu, cha shahada na cha kati chini. Nimetumia mishiko mitatu, na kilichoniamulia ni mzunguko. Kisahani kinachozunguka kwa kasi hutulia hewani hata kikirushwa polepole. Kisichozunguka huyumba na kuanguka, hata ukitie nguvu kiasi gani.

Wa kwanza ni mshiko wa vidole vilivyotanuliwa. Cha kati hugusa ukuta wa ndani wa ukingo, cha shahada hunyooshwa kuelekea katikati ya kisahani. Mtu anayeanza huupenda kwa sababu kisahani hakiinamii mkononi, na kwa pasi ya mita tano hadi kumi unatosha kabisa. Shida yake utaiona ukijaribu hivi: shika namna hiyo, kisha kunja kifundo cha mkono kwa nyuma kadiri kinavyokwenda. Sasa rudisha cha shahada kando ya cha kati, ukunje tena. Kifundo kinaingia nyuma zaidi, na hapo ndipo mzunguko unapotoka.

Kwa hiyo nilihamia kwenye vidole vilivyobanana, vyote viwili vimelala kwenye ukuta wa ndani. Kiganja kinatazama juu. Nyama ya kidole cha kati, upande wake, inabana pale ukuta unapokutana na bamba, yaani sehemu bapa ya kisahani. Ikikaa kwenye bamba tu, kisahani kinateleza bila kusukumwa. Gumba linabana juu kwa nguvu, karibu na ukingo, na kidole cha pete kinaegemea ukingo kwa nje. Usikidharau hicho cha pete: kikilegea, kisahani kinacheza mkononi kabla hata hakijatoka.

Kwa wiki mbili za kwanza visahani vyangu vilikuwa vikining'inia kwa mbele, maana hakuna kidole cha kukiinua katikati. Dawa ni gumba. Libane zaidi, usirudi kutanua vidole.

Mshiko wa tatu ndio ninaotumia leo karibu kila wakati: cha kati palepale ukutani, cha shahada kimekunjwa kidogo, ncha yake ikigusa bamba hatua ndogo tu kutoka ukingoni. Kifundo kinabaki huru, na bado kuna kitu kinachokibeba kisahani. Vilivyobanana kabisa navirudia kwa pasi ndefu, au upepo ukiwa mkali.

Kuna kosa ambalo wengi hulilaumu kwenye mshiko na halimo humo. Pasi ndefu inapinduka: kwa mwenye mkono wa kulia, upande wa kulia wa kisahani unanyanyuka, nacho kinakata kushoto hadi kinalala ubavu. Hiyo ni mkono kwenda kasi kuliko mzunguko uliotiwa. Punguza nguvu ya bega, kaza mchapo wa kifundo, na achia kisahani ukingo wa nje ukiwa chini kidogo kuliko wa ndani. Kiwiko kikae karibu na mbavu, kitangulie mkono.

Kuchagua kwako, simama mita tano kutoka kwa mwenzako, kiwiko ukikibana ubavuni, urushe kwa kifundo peke yake, mara ishirini kwa kila mshiko. Tazama kisahani kikimfikia: je, kimetulia au kinatetemeka? Usitazame umbali. Halafu jaribu kuhama kutoka mshiko wa bekihendi (kurusha mkono ukitokea upande wa pili wa mwili) hadi fohendi bila kuangalia mkono, kwa sababu mkabaji anakuhesabia sekunde kumi tu za kukaa na kisahani na hatakungojea upange vidole. Mshiko usioweza kuupata kwa kupapasa, hata kama unarusha vizuri, bado haujawa wako uwanjani.