Modeli yangu ya Melbourne Cup: safu ya Caulfield imekubali, pumzi bado inanitesa

Imekubali! Natengeneza spredishiti ya kutabiri Melbourne Cup, mbio kubwa ya farasi ya Australia, na jana usiku nimepitisha mbio za 2023 na farasi Without A Fight katokea juu kabisa, nikajaribu 2025 na Half Yours naye yuko kwenye wale wa mwanzo, nikarudi nyuma 2019 nikamkuta Vow And Declare amepanda kutoka katikati ya kundi. Kwa muda mrefu hii kitu ilikuwa inanitolea takataka tu, kwa hiyo leo naandika nikiwa na furaha kiukweli.

Niwaambie kwanza kilichokuwa kinakwamisha, maana nadhani kila anayeanza na mbio za kupangiwa uzito atakutana nacho. Kwenye Derby ya Uingereza au Arc ya Ufaransa, ambako uzito haupangwi kwa ubora, kazi ni rahisi kidogo, unatafuta farasi bora na habari imeisha. Ila Melbourne Cup, mita 3200 pale Flemington, farasi mpaka 24, ina mtu anayelipwa kuhakikisha farasi bora anabebeshwa mzigo wa kumshusha. Carbine mwaka 1890 alibeba karibu kilo 66 na bado akawapiga wote kwenye kundi la farasi 39, Phar Lap mwaka uliofuata ushindi wake yaani 1931 wakamtwisha kilo 68 akaishia wa nane. Sasa mimi nilifanya hesabu ya kawaida, chukua alama ya farasi (namba rasmi ya ubora wake), za Ulaya ziko kwenye pauni kwa hiyo unagawa kwa 2.2 upate kilo, halafu toa uzito anaobeba. Namba zilizotoka zilikuwa karibu sawa kwa kila farasi. Kila mmoja! Mwanzoni unaweza kudhani fomula imeharibika kumbe haijaharibika hata kidogo, uzito wenyewe umetokana na alama hizohizo, ukiitoa moja kwenye nyingine unabaki na mpanga uzito anakuangalia. Kazi yake ni wote wafike pamoja na kwenye karatasi ameifanya vizuri mno.

Kwa hiyo swali likabadilika. Sitafuti tena nani bora, natafuta ni kitu gani mpanga uzito hakukijua siku anatoa uzito. Hapo ndo mlango ulipofunguka.

Uzito unatoka Septemba, mbio ni Jumanne ya kwanza ya Novemba (kwetu huku ni saa moja asubuhi, muda wa chai). Katikati hapo kuna wiki kadhaa za mbio, na kubwa kwenye hesabu yangu ni Caulfield Cup, mita 2400. Farasi akifanya maajabu pale wanaweza kumuongezea uzito kidogo kama adhabu, ila mara nyingi nyongeza ni ndogo kuliko alivyopanda kweli. Angalia mfululizo wenyewe: 2019 Vow And Declare alikuwa wa pili Caulfield nyuma ya Mer De Glace, akaja kushinda Cup na kilo 52. 2021 Incentivise alishinda Caulfield akawa wa pili Flemington. 2022 Gold Trip wa pili Caulfield nyuma ya Durston, akashinda Cup akiwa na kilo 57.5 mgongoni. 2023 Without A Fight akachukua zote mbili. 2025 Half Yours naye zote mbili, na Jamie Melham juu yake, mwanamke wa pili kushinda Cup baada ya Michelle Payne 2015. Niliweka safu moja tu, alama alizopanda baada ya uzito kutoka ukitoa adhabu, na modeli ikaamka.

Sasa tatizo. Safu hiyo inakuwa tupu kabisa kwa farasi anayeshuka kwenye ndege na kukimbia Cup moja kwa moja. Na hao si wachache wa kupuuza: Rekindling 2017, Cross Counter 2018, Twilight Payment 2020, wote walishinda bila kukimbia mbio hata moja Australia msimu ule. Ukijaza sifuri unawaua, ukijaza wastani unawapendelea. Nimebaki na safu tupu na natumia hesabu ya pembeni kwa wageni, ambayo siipendi lakini inakwenda.

Na hapo ndo tunafika kwenye pumzi, yaani farasi kuweza kumaliza umbali wote, kitu ambacho kimenitesa kuliko vyote.

Farasi wengi wanaofika Flemington hawajawahi kukimbia mita 3200 maishani. Wameonekana kwenye 2400, wengine wanatokea Cox Plate ambayo ni 2040. Mita 800 za mwisho ni giza tupu. Kwa hiyo nikasema sawa, niangalie baba, damu haidanganyi. Nilikuwa na mpango mzuri tu wa kuweka hali ya uwanja, mvua na ukavu, nimeuacha kabisa maana hii ya ukoo ilinimeza. Na mwanzoni inakuvutia kweli, ukikuta kwamba Kingston Rule aliyeweka rekodi ya mbio hii 1990, dakika 3 na sekunde 16.3, ni mtoto wa Secretariat, yule aliyeshinda mbio ya Belmont kule Marekani 1973 kwa urefu wa farasi 31, unaona kabisa hii ndo njia. Nikaanza kuwapa kina baba alama za pumzi, mmoja mmoja, usiku na usiku.

Halafu ukaja mwaka 2024. Knight's Choice. Baba yake ni Extreme Choice, farasi wa spidi fupi, alishinda Blue Diamond, mbio ya mita 1200! Mtoto wa farasi huyo kashinda mita 3200, kwa pua, mbele ya Warp Speed kutoka Japani, odi zake zikiwa juu ya 80. Na Buckaroo aliyekuwa wa pili Caulfield, ambaye safu yangu nzuri inampenda na wabeti walimpenda vilevile, hakuingia hata nne bora. Kwa hiyo mwaka mmoja umenipiga safu zote mbili kwa pamoja. Nimejaribu kumpandisha Knight's Choice kwa kila namna ya haki ninayoijua na hapandi, na ukilazimisha apande unakuwa umeharibu 2023 na 2025. Inauma. Prince of Penzance, mshindi wa 2015, na odi zake za 100 kwa 1 angalau baba yake Pentire alikuwa mtu wa 2400, unaweza kumwelewa kidogo. Huyu wa 2024 hapana.

Watu wananiambia weka yote kwenye Python, acha mashine ijifunze yenyewe. Sikubaliani. Mbio hii inakimbizwa mara moja kwa mwaka, na naanza kuhesabu 1993 tu, Vintage Crop wa mkufunzi Dermot Weld alipotoka Ireland na kuondoka na kombe, maana baada ya hapo ikawa mbio nyingine kabisa. Mpaka 2025 hao ni washindi 33. Washindi 33 utaifundisha mashine nini? Itakariri majina. Kinachosaidia ni kuacha kuangalia mshindi peke yake na kuweka umbali ambao kila farasi aliachwa, hapo mbio moja inakupa mistari ishirini na kitu badala ya mmoja. Python naitumia kubadili falongi (kipimo cha umbali cha Waingereza) kuwa mita na kusafisha tarehe, basi. Excel ya kompyuta ndo kazi inafanyika, na Google Sheets kwenye simu sishauri mtu yeyote, ukigusa vibaya umeburuza fomula nzima.

Kitu kimoja nimekifuta bila majuto ni namba ya geti, yaani mlango ambao farasi anaanzia. Mzunguko wa Flemington ni mita 2312, mbio ni 3200, maana yake wanakimbia karibu mita 890 kabla ya kupita mstari wa kumalizia mara ya kwanza, na kona inakuja baada ya hapo. Joki ana muda wa kutosha kujipanga. Geti 18 lilisemwa lina mkosi miaka na miaka mpaka Verry Elleegant akatokea humo 2021 akamwacha Incentivise mbali. Safu imetoka na modeli haijatikisika.

Kuhusu pumzi, wazo jipya ambalo limenishika tangu asubuhi: niachane na baba, nimwangalie farasi mwenyewe kwenye mita 200 za mwisho za mbio yake ya 2400. Simaanishi nafasi aliyomaliza, namaanisha kama alikuwa bado anazidi kuwakaribia wa mbele au ameshaanza kulegea. Farasi aliyemaliza wa saba huku anakula wenzake ana mita 800 nyingine ndani yake, na aliyeshinda huku anayumba hana, na mpanga uzito kampa mzigo huyo aliyeshinda. Ni kazi ya video, kusimamisha na kupima pengo kwa macho, mbio kwa mbio. Nimeanza na Caulfield ya 2019 na nikimaliza hizo nitashuka kwenye kombe ndogondogo za Geelong na Bendigo, huko ndo nataka kuona kama Knight's Choice na wenzake wa aina yake wanaonekana.