Mguu wa Mama na besi ya Richard Bona

Miezi mitatu nilikwama kwenye wimbo mmoja wa Richard Bona, ulio katika albamu yake ya kwanza, Scenes from My Life ya 1999. Mimi hupiga gitaa la besi kwenye harusi hapa Mombasa. Noti zote nilikuwa nishazishika, lakini kila nikipiga pamoja na rekodi naachwa njiani.

Bona ni mzaliwa wa Minta, Kameruni. Alianza utotoni na balafoni, ala ya vibao vya kugongwa kama marimba, na alipofika Douala akasikia rekodi ya Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, akahamia kwenye besi. Wengi tunamwendea kwa mlango wa jazi, kwa vile vidole vinavyokimbia juu ya nyuzi. Nami nikahesabu mapigo sita kama nilivyosomeshwa: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Hesabu sawa, mdundo haukai.

Jumamosi moja Mama alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi, wimbo unalia kwenye simu. Nikaangalia mguu wake. Mkono wakuna mara tatu, mguu wagonga sakafu mara mbili. Vinaanza pamoja, vinaachana, vinakutana tena.

"Mama, wimbo huu waujua?"

"Siujui. Kwani si chakacha hii?"

Nikanyamaza kabisa. Kameruni kuna bikutsi, ngoma ya Wabeti, jina lenyewe likiwa na maana ya kupiga ardhi, na asili yake ni ngoma ya wanawake. Nayo huenda kwa sita, kama chakacha ya mama zetu. Sisemi ni ngoma moja. Ila mwili wangu uliijua hii ya nyumbani tangu utotoni, na mimi nilikuwa nahangaika na karatasi.

Gitaa nikalitundika wiki nzima. Mguu mara mbili, makofi mara tatu, hadi nikaweza kuzungumza na mtu bila kupotea. Kisha nikaiimba besi kwa mdomo, mguu ukiendelea. Hapo ndipo nikasikia kwamba Bona pale hagongi juu ya mguu, anauzunguka. Anaacha nafasi, na nafasi ile ndiyo inayokuvuta ucheze. Hata maneno yakanijia karibu. Anaimba Kiduala, na Mduala akisema muna, ni mwana huyo.

Jumapili nikaupiga wote, mwanzo hadi mwisho. Mama akatoka jikoni, akasimama mlangoni, akajifunga leso kiunoni.