Siku moja maishani mwangu: "Mwalimu, hutamwambia mama?"

Saa 1:00 asubuhi

Nafika maabara ya kompyuta kabla ya kengele. Darasa la jana mchana liliondoka mbiombio, kwa hiyo baadhi ya mashine bado zina akaunti za watu zilizo wazi, na kwenye mojawapo kivinjari kimehifadhi nywila ya barua pepe ya mwanafunzi. Nazifunga zote bila kusoma kilichomo, naifuta nywila, kisha namwandikia mwenyewe kikaratasi: "Pitia kwangu leo tubadilishe nywila yako."

Kutosoma ni sehemu ya somo lenyewe ninalofundisha, usalama wa mtandaoni. Siwezi kumfundisha mtoto kuheshimu faragha ya mwenzake huku mimi nachungulia ya kwake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa haki hiyo katika kifungu cha 16, na mwaka 2021 kamati inayousimamia ilieleza, katika Maoni ya Jumla Namba 25, kwamba haki za mtoto zinamfuata hadi mtandaoni.

Saa 2:00

Somo la kwanza ni la wadogo: nywila. Upande wa ufundi haunichukui muda. Urefu una nguvu kuliko alama za ajabuajabu, hivyo maneno manne au matano yasiyohusiana ni bora kuliko jina lako lililobandikwa namba 1 mwishoni. Kila akaunti iwe na nywila yake, na pale inapowezekana uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila unaombwa uthibitisho wa pili, kama msimbo kwenye simu yako. Ile desturi ya kulazimisha watu wabadilishe nywila kila baada ya miezi kadhaa, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuipendekeza mwaka 2017, kwa kuwa watu huishia kubadilisha herufi moja tu. Ibadilishe ukishuku kwamba imevuja.

Muda wangu mwingi unaenda kwingine. Watoto hawaibiwi nywila na wadukuzi tu, wanazitoa wenyewe kwa marafiki kama ushahidi wa urafiki. Binti mmoja ananiambia, "Nisipompa atasema simwamini." Hilo ni tatizo la kweli na halitatuliwi kwa kumwambia asimpe mtu. Anahitaji maneno ya kusema. Nawapanga wawiliwawili, mmoja aombe, mwingine akatae bila kuvunja urafiki. Wa kwanza wanacheka na kushindwa. Baadaye kijana mmoja anapata sentensi ambayo darasa zima linainakili: "Wewe ni rafiki yangu, ila nywila yangu hata kaka yangu hana, usijisikie vibaya." Wanaifanyia mazoezi kwa sauti mpaka inatoka bila kigugumizi.

Saa 4:30

Baada ya mapumziko naingia kwa wakubwa kidogo. Leo ni picha.

Naonyesha ukutani picha niliyoipiga kwa simu: kalamu juu ya meza, basi. Nauliza inaeleza nini kuhusu mpigaji. Wanasema hakuna kitu. Nafungua taarifa za faili. Zinatokea tarehe, saa kamili, aina ya simu, na mistari miwili ya namba zenye desimali nyingi. Namwomba mwanafunzi wa mbele anakili namba hizo kwenye ramani. Alama nyekundu inatua juu ya paa la jengo tulilomo.

Maswali yanakuja kwa fujo, na hapo ndipo ninapopenda darasa liwe. Je, picha zote ziko hivyo? Zile tu zilizopigwa huku kamera imeruhusiwa kutumia mahali ulipo. Mbona nyingine hazionyeshi? Mitandao mikubwa ya kijamii na programu nyingi za ujumbe huondoa taarifa hizo unapotuma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama faili inaweza kwenda nazo zote. Kila mmoja anaondoka akijua pa kuuzima mpangilio huo kwenye simu ya nyumbani. Halafu tunarudi kwenye vinavyoonekana kwa macho: nembo ya sare, kibao cha mtaa nyuma ya bega, uso wa mwenzako ambaye hakuulizwa. Hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kumwomba mtu ruhusa kabla ya kutuma picha yake ni adabu, na kunazuia magomvi mengi ambayo baadaye huja ofisini kwangu.

Saa 6:00 mchana

Darasa la mtihani wana kazi ya utafiti, nao wanatumia akili mnemba (AI), niruhusu nisiruhusu. Afadhali waitumie mbele yangu. Leo nawaagiza waiombe orodha ya vitabu kuhusu mada zao, kisha wavitafute kimoja kimoja kwenye katalogi za maktaba. Baada ya robo saa mkono wa kwanza unanyooka: mwandishi yupo, kitabu hakipo. Nawaeleza kwamba programu hizi hupanga maneno kwa kukadiria lipi linaelekea kufuata jingine, kwa hiyo jina la kitabu linaweza kusikika sawasawa bila kitabu kuwahi kuandikwa.

Kwa tovuti nawafundisha mbinu ya kusoma kwa kando. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari. Wahakiki ndio waliofanya vizuri zaidi, kwa sababu hawakukaa kwenye ukurasa wakiukagua: walifungua vidirisha vingine haraka kuona wengine wanasema nini kuuhusu.

Saa 8:00

Mlango unagongwa. Sitasema ni nani wala ni darasa gani. Swali lake la kwanza, kabla hata hajaketi: "Mwalimu, hutamwambia mama?"

Karibu kila anayekuja huanza na swali hilo. Hofu yao kubwa si mtu anayewatisha kwamba atasambaza picha zao za utupu, ni kunyang'anywa simu na kuitwa wakorofi. Watishaji wanalijua hilo na ndilo wanalolitegemea. Ndiyo maana nazipima kanuni zetu zote kwa kipimo kimoja: je, itamfanya mtoto aje kusema, au aende kujificha? Ikimfanya ajifiche, naipinga hata kama kwenye karatasi inaonekana kali na nzuri.

Simwahidi siri nisiyoweza kuitunza. Namwambia ni nani wawili ambao lazima wajue, kwa nini, na kwamba tutawaeleza pamoja akiwa na mimi. Namwambia kosa si lake. Kisha hatua: usilipe, usitume picha nyingine, usifute mazungumzo kwa sababu ni ushahidi, mzuie mtu huyo na uiripoti akaunti yake. Siombi kuiona picha, siipokei kwenye simu yangu, na sitaki mtu yeyote shuleni aihifadhi au aisambaze kwa kisingizio chochote.

Tunafungua pamoja Take It Down, huduma ya bure ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa picha za utupu zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yake. Huduma inatengeneza namba maalumu inayoitambulisha picha hiyo, na ni namba hiyo inayopelekwa kwa kampuni zilizojiunga ili ziitafute kwenye mitandao yao. Anasoma maelezo hayo mara mbili kabla ya kubonyeza. Kisha namwita mwalimu mshauri.

Saa 9:30 alasiri

Mama amefika, na ana hasira. Ananyoosha mkono kuiomba simu. Namwambia, "Mama, mwanao amefanya jambo gumu kuliko yote, amesema. Tukimwadhibu leo, mara nyingine hatasema." Ananyamaza, anamtazama binti yake, anauliza, "Ameanza lini kukusumbua?" Tunaendelea kutoka hapo, na hatua inayofuata ni kuripoti polisi.

Saa 11:00 jioni

Naandaa somo la kesho: kufuli kwenye kivinjari. Wanafunzi wengi, na walimu pia, huamini kwamba tovuti yenye kufuli ni ya kweli. Kufuli huonyesha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamesimbwa, yaani mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Tapeli naye anaweza kuwa nalo. Google waliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa kwamba watu walikuwa wakiielewa vibaya.

Nachapa anwani mbili za tovuti kwa maandishi makubwa, moja halali, nyingine ina namba 1 mahali pa herufi l. Nitazibandika ubaoni bila maelezo, nao watakuwa na dakika tatu za kutafuta tofauti kabla sijasema neno.