Wasichana wawili, bibi mmoja

Jumanne, usiku

Nimerudi kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani, saa kumi na moja jioni, mgongo umekufa ganzi kwa benchi. Leo ilikuwa zamu yangu kumsindikiza Mama Mkubwa kwenye dripu yake ya tatu ya saratani ya matiti. Upepo wa bahari pale hauna huruma, na yeye tangu aanze dawa anasikia baridi hata jua la utosi likiwaka. Hujifunika kanga mbili, akasema amepelekwa Lushoto bila kulipa nauli.

Pembeni yetu alikaa binti wa miaka 27. Mtoto wake ana miezi kumi, wiki iliyopita kamwachisha ziwa kabla ya wakati ili aanze dawa. Uvimbe aliuona mapema tu baada ya kujifungua. Akaenda zahanati moja, sitaitaja, akaambiwa maziwa yameganda, akande kwa kitambaa cha moto. Akakanda. Akarudi, akaambiwa akande tena. Ilipita miezi saba ndipo mtu mmoja akamkata kipande kidogo cha ule uvimbe kwenda kupimwa. Alikuwa anasimulia bila hasira, kama anayesimulia habari za jirani, huku anazungusha pete kidoleni.

Mama mmoja wa mbele yetu akageuka, akasema, "Siku hizi ugonjwa huu ni wa vijana. Sisi wazee umetupita." Benchi zima likaitikia. Na mimi nikatikisa kichwa. Mama Mkubwa, mwenye miaka 68 na titi moja, naye akatikisa kichwa!

Ni kwenye daladala ndipo kile kichwa chake kinachotikisika kiliponirudia, nikashindwa kuelewa tumekubaliana nini pale.

Nimeichukua kalamu. Chukulia uchochoro wetu (hesabu hii ni ya mfano, majirani msinikasirikie). Wanawake wenye zaidi ya miaka 60 wapo watatu: Bibi wa nyumba ya kona, mama mwenye genge na Mama Mkubwa. Walio chini ya 40, ukijumlisha wapangaji, hawapungui 60. Tuseme ugonjwa umewapata wasichana wawili na bibi mmoja. Mtaa utasema nini? Utasema ugonjwa wa wasichana, maana wawili ni wengi kuliko mmoja. Lakini wale wawili wametoka katika wasichana 60. Yule bibi katoka katika watatu.

Kumbe ndiyo nchi yetu yote. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120, na wenye miaka 65 na kuendelea hawafiki 5 katika kila 100. Uingereza ni kama 19. Kwa hiyo benchi la kule lina nywele nyeupe na benchi letu lina wanaonyonyesha, na si lazima ugonjwa wenyewe uwe umebadilisha tabia. Afrika kusini mwa Sahara, umri wa kati wa wanaogunduliwa na saratani ya matiti ni kama miaka 50. Marekani ni 62 hivi. Ukiona tarakimu hizo mbili peke yake utadhani matiti ya Mwafrika yanazeeka haraka. Lakini ukichukua wanawake laki moja wa huku wenye miaka 30, na laki moja wa kule wa umri huo huo, wa huku hawaugui zaidi. Kinachotofautiana sana ni idadi ya wazee waliopo wa kuugua.

Na uzee ndio hatari yenyewe. Wamarekani wamehesabu kwa makundi ya umri: mwanamke wa miaka 30 asiye na ugonjwa, nafasi ya kuupata ndani ya miaka kumi ijayo ni kama mmoja katika 200. Wa miaka 40, mmoja katika 65 hivi. Wa miaka 60, mmoja katika 28 hivi. Ule usemi wa "mmoja katika wanane" unaozagaa kila Oktoba pamoja na fulana za pinki ni jumla ya maisha yote mpaka uzeeni, wala si wanawake wanane walioketi leo kwenye ukumbi wa kitchen party. Niliwahi kuutumia vibaya mimi mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.

Ni kweli wazee wa huku wanaonekana kuugua kidogo kuliko wazee wa Ulaya. Sababu mojawapo inajulikana: kuzaa na kunyonyesha vinapunguza hatari, na kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote, inaipunguza kwa asilimia 4 hivi. Mama Mkubwa ana watoto saba, kila mmoja kanyonya miaka miwili. Lakini kupunguza si kufuta, ona alipo. Na sababu nyingine, hii ni shuku yangu tu, ni kwamba bibi akifia kijijini na kidonda kifuani hakuna anayemwandika popote. Anaosha, anafunga kitambaa, anavaa blauzi pana.

Mama Mkubwa mwenyewe alificha mwaka na nusu. Chuchu ilikuwa imeingia ndani na ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, hana maumivu. Kila ilipokuja gari la upimaji, wahudumu waliwaita akina mama wa kliniki, wenye watoto migongoni. Yeye alipita na ndoo yake kwenda kisimani. Nilipomuuliza kwa nini hakusimama, akanijibu, "Mwanangu, kwani mimi nanyonyesha? Titi la kizee lina nini cha kuumwa?" Alipofika kwa daktari ilikuwa hatua ya tatu.

Simaanishi yule binti wa 27 asisikilizwe. Yeye ndiye wa kusikilizwa zaidi, maana hata mashine haimsaidii sana: titi la kijana limejaa, mamografia, ile eksirei ya matiti, inaona ukungu, ndiyo maana wanatumia ultrasaundi. Na saratani za umri huo mara nyingi zina kasi. Lakini naona tunafanya kituko. Msichana tunamwambia ni maziwa, kwa kuwa ni mdogo mno kuugua. Bibi hatumwambii kitu, kwa kuwa ni ugonjwa wa wasichana. Sasa ugonjwa huu ni wa nani?

Binamu yangu aliyeko Leicester alipopita 50 aliletewa barua nyumbani, aende kupimwa, na ataendelea kuitwa kila miaka mitatu. Barua zenyewe hukoma karibu na 71, ingawa baada ya hapo anaweza kuomba mwenyewe. Hapa hakuna barua. Hapa barua ni mtoto wa dada.

Saa tatu usiku nimempigia mama yangu, yuko Muheza. Ana 66, mdogo wake Mama Mkubwa, tumbo moja. Saratani nyingi za matiti si za kurithi, labda 5 hadi 10 katika 100, na hilo nilimwambia kwanza ili asishtuke. Tukazungumza mahindi, tukazungumza msiba wa jirani. Halafu nikamuuliza, mama, umewahi kujishika matiti ukaona kama kuna kidonge? Umewahi kupimwa na mtu?

Akacheka mpaka akakohoa.

"We mtoto," akasema, "kwani mimi nanyonyesha?"

Nimeshakata tiketi ya basi la Ijumaa.