Pipa la Maji ya Mvua

Mwaka mzima niliwabembeleza koridora wangu sita watage, wakakataa. Ni kambare wadogo wa Amerika Kusini, mkubwa wao hafiki urefu wa kidole. Nilikuwa nimepanga chumba Busia, upande wa Uganda, na tangi lao la lita 60 lilikalia meza pekee niliyokuwa nayo. Niliwatandikia mchanga laini wasichubue sharubu wakichakura. Kila juma nilibadilisha maji, na sikuyamimina kabla ya kuyapasha yakawa vuguvugu.

Aprili hiyo bomba likakauka siku nne. Usiku wa tatu ikashuka mvua ile ya kupiga bati mpaka watu wanaacha kuzungumza, pipa langu likafurika. Maji ya tangini yalishaanza kunuka na makaa yalikuwa yameniishia. Nikachota ya mvua, baridi vilevile, nikabadilisha karibu nusu. Nililala na hofu ya kuwaua.

Alfajiri nikamulika tochi. Jike alikuwa amebana mdomo ubavuni mwa dume, wametulia hivyo kitambo. Kisha akaachana naye, mapezi ya tumboni ameyakunja kama viganja, ndani yake mayai matatu. Akapanda, akasugua kioo kwa mdomo, akayabandika hapo. Akarudi kwa dume. Nilisimama pale hadi jua likatoka, miguu mitupu sakafuni. Huko kwao mvua ikipoza mito, ndio wakati wao wa kutaga. Mimi na sufuria yangu tulikuwa tukiwaambia kila juma kwamba bado ni kiangazi.

Nilimwita Mzee jirani, anayefuga kambare wa kula. Wa kwake hawatagi bwawani mpaka wadungwe sindano ya homoni.

“Umewadunga nini, mwanangu?”

“Sikuwadunga, Mzee. Ni mvua tu.”

Akavuta kiti, akakaa.

Wazazi walishaanza kuyala mayai yao, kwa hiyo niliyabandua kwa kidole, moja moja, nikayatia kwenye beseni lenye pampu ya hewa. Yalikuwa 74. Yaliyogeuka meupe kwa kuvu niliyatoa asubuhi na jioni, yasiambukize mengine. Siku ya pili peke yake nilitupa 20, na kila moja liliniuma.

Siku ya nne jioni, chini ya beseni, vikia vyembamba kama uzi vilikuwa vikitikisika. Mzee alikuja na tochi yake mwenyewe.