Siku ya tatu ya mfungo

Hii ni ya mwaka 2014. Nilikua naishi Kimara na dada yangu, nina miaka 26, nauza vipuri kwenye duka la mtu Kariakoo, naimba kwaya ya vijana, na kwa lugha yetu ya wakati ule nilikua "nimekauka". Ndo tulivyokua tunaongea, mkikutana nje ya kanisa mwenzako anakwambia yaani pale mi silishwi kabisa, unatoka na njaa ile ile uliyoingia nayo. Na mimi kwenye hiyo kauli nilikua bingwa. Jumapili asubuhi nipo ibada ya kwanza usharikani kwetu namkosoa mchungaji kimoyomoyo, mchana nishadandia daladala naenda kwenye turubai la mtumishi mwingine, usiku nasikiliza mahubiri kwenye memori kadi mpaka simu inazima. Nilikua na kaunta buku la kwaya mbili (sio kwaya ya kuimba, ni unene wa daftari, wanaonunua madaftari wananielewa) limejaa pointi na mistari ya Biblia, nimepigia mistari kwa kalamu nyekundu, na bado moyoni pakavu kama stendi saa saba mchana.

Nikaamua kufunga. Na sio mfungo wa kunywa chai saa kumi, mfungo wa Esta, siku tatu bila kula wala kunywa maji, Alhamisi mpaka Jumamosi jioni. Siku ya kwanza nikawa na hasira na wateja. Siku ya pili nililala kwenye mkeka sebuleni toka nimetoka kazini, ulimi mzito, dada anakaanga dagaa makusudi (anakataa mpaka leo ila yalikua makusudi), na kwenye maombi nilichokua nafanya kwakweli ni kuhesabu masaa. Sikusikia sauti wala sikuota ndoto, kichwa tu ndo kilikua kinauma.

Jumamosi asubuhi saa kumi na mbili nikaenda jumuiya. Mwisho wa ibada mama mwenyekiti akasema jamani kuna mzee wetu, nyote mnamjua, mwalimu mstaafu, amepararaizi upande wa kulia huu mwaka wa pili sasa, binti anayesaidia pale nyumbani amefiwa amesafiri, na mama mwenyewe ameteleza bafuni mkono umevimba hawezi kumgeuza, leo anahitajika mtu mwenye nguvu. Kimya. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Mama mwenyekiti akaniangalia mimi, kijana, sina mke, sina mtoto, sina kisingizio.

Nikasema, "Mama, shikamoo yako bado sijaisahau, ila mi leo niko kwenye mfungo."

Akajibu bila hata kutabasamu, "Marahaba. Basi vizuri mwanangu, hutawasumbua kutafuta chai."

Nikaenda nimenuna. Njiani nilikua namlalamikia Mungu kwamba siku ya tatu ndo siku ya kupokea na mimi natolewa uweponi mwake nikafanye kazi za housigeli. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, kwenye kichochoro.

Chumba cha mzee kilikua kisafi kuliko changu. Kitanda kimewekwa dirishani, chini ya shuka naironi, pembeni beseni, glavu, pampasi za wakubwa, mafuta ya nazi kwenye chupa ya soda. Mama akanielekeza huku mkono mmoja kaufunga kanga shingoni. Kila baada ya masaa mawili anageuzwa, la sivyo mgongo unatoboka. Usimvute mkono ule uliolala, bega litachomoka, weka mkono wako nyuma ya bega na mwingine kwenye nyonga alafu mlete kwako kama unavingirisha gogo. Kisha akaninong'oneza, "Ukimsafisha usimwangalie usoni, anaona aibu. Mwangalie bega."

Na kitu kingine akaniambia ili nisishtuke. Mzee kiharusi kilimchukulia maneno yote, amefundisha miaka na miaka, amebakiwa na mawili tu, Amina na mjinga.

Nilidhani ananitania. Nikamgeuza mara ya kwanza, nikakosea, goti lake likagonga ukuta, mzee akafumbua macho akasema vizuri kabisa kwa sauti ya darasani, "Mjinga!" Mama akacheka mpaka akakaa chini, mi nikabaki nimeshika nyonga ya mzee wa watu sijui nicheke au niombe msamaha, na mzee mwenyewe machozi yanamtoka, sijui ya maumivu ama ya nini. Nikasema nisamehe mwalimu. Akafumba macho.

Kumsafisha sitaeleza sana. Nilitapika hewa mara moja pale dirishani maana tumboni hamkua na kitu. Nikamwangalia bega kama nilivyoambiwa, lilikua jembamba, lina kovu la ndui ya zamani, nikajikuta nalipaka mafuta taratibu.

Alafu ikaja kazi ya uji, na hapa ndo mambo yangu yalipobadilika bila mimi kupewa taarifa. Kumlisha mtu wa kiharusi sio kumimina. Unamkalisha wima, mito miwili nyuma, kidevu kiinamie kifua kidogo. Uji usiwe mwepesi, ukiwa kama maji anapaliwa. Kijiko cha chai, nusu, unapeleka upande wa kushoto ambao bado mzima, alafu unasubiri. Unaangalia koo. Mpaka lile fundo lipande lishuke ndo unaleta kingine. Na kila baada ya vijiko vitatu vinne unapitisha kidole chenye kitambaa kwenye shavu lile la kulia, maana uji unajificha mle na yeye hajui kama upo. Kikombe kimoja kilichukua karibia saa nzima. Mimi niliyekua siwezi kuomba dakika kumi bila kuangalia simu, nilikaa saa nzima naangalia koo la mzee.

Kabla ya kuanza mama akaomba, fupi tu, Bwana asante kwa uji huu na kwa huyu kijana. Mzee akasema, "Amina." Imenyooka, haina kigugumizi. Ukisikia hiyo Amina huwezi kujua kama mtu huyu hawezi kuomba hata maji.

Tulipofika kikombe cha pili ndo nikashtuka. Mama alikua ameniambia onja kwanza kama sio moto, na mimi nimeonja. Nimeonja kikombe cha kwanza nimeonja na cha pili, uji wa ulezi na karanga, nimelamba kijiko kabisa. Mfungo wangu wa Esta umebakisha masaa sita na nimeufungua kwa uji wa mgonjwa bila kujua! Nikasubiri nijisikie vibaya. Sikujisikia vibaya. Nikafuta kijiko nikaendelea, maana mzee alikua ameachama anasubiri.

Kwenye lile kaunta buku langu nilikua nimeandika Yohana 4, kile kisa cha kisimani. Saa sita mchana, Yesu kachoka na safari kakaa, wanafunzi wameenda mjini kununua chakula, wanarudi nacho yeye anawaambia, "Chakula changu ndicho hiki, niyatende mapenzi yake aliyenipeleka, nikaimalize kazi yake." Nilikua nimepigia mstari mwekundu na pembeni nimeandika FUNGA ZAIDI. Yaani nilielewa kwamba mtu akiwa wa kiroho sana hasikii njaa. Mle ndani kwa mwalimu nikakumbuka kwamba pale kisimani hakua amefunga, alikua amemwomba mwanamke maji, na haijaandikwa popote kama hayo maji alipewa. Waliongea tu wawili pale, mpaka yule mama akaacha mtungi wake akaenda mjini.

Niliondoka saa kumi na moja kasoro. Nilikua nimemgeuza mzee mara nne, nimeitwa mjinga mara tatu, ile ya nne alinyamaza nikajisifu. Fulana ina madoa ya uji kifuani na harufu ya mafuta ya nazi. Natembea kwenye kile kichochoro cha asubuhi ndo nikagundua kwamba toka saa nne sijajiuliza hata mara moja kama nimekauka au sijakauka.

Nyumbani dada alikua ameniwekea wali na maharage, amefunika kwa sahani, anajua leo nafungua. Nikaingia naimba besi yangu ya kwaya. Akatoka jikoni akaniangalia juu mpaka chini, mtu aliyemwacha jana amelala kwenye mkeka kama maiti.

"We umekula wapi?"

"Sijala dada."

"Usinidanganye. Nani kakupa chakula?"

Nikacheka, na nilivyocheka ndo akazidi kuwa na uhakika. Akasogea akanusa fulana. "Hii karanga," akasema. Nikamwambia ni uji wa watu, akasema ahaa, nikafungua wali nikala wote nikaomba na ukoko.

Jumanne nilitoka Kariakoo mapema nikapitia kule bila kuitwa na mtu. Mwalimu aliniona mlangoni, akaniangalia sana, akasema, "Mjinga." Mama akasema hiyo ni karibu, vua viatu uingie.