Refa mpya, kinga za mtumba

Jumamosi nimechezesha mechi yangu ya kwanza ya besiboli hapa Columbus, Ohio. Watoto wa miaka 9 na 10. Mimi, niliyekulia Tanga nikijua mpira ni wa miguu tu!

Vifaa ndivyo vilivyonitoa jasho. Seti mpya ni mamia ya dola, na posho ya mechi moja hainunui hata barakoa ya kukinga uso na mpira. Nikazunguka maduka ya mitumba: kinga ya kifua dola 25, kinga za miguu dola 15, ni za mdakaji, yule mchezaji anayechuchumaa mbele ya refa kudaka mipira, zinanibana magotini. Barakoa kaniazima mzee mmoja, refa wa siku nyingi. Kikinga cha nyeti nilinunua kipya. Hicho jamani msichukue mtumba.

Straiki ya kwanza (mpira halali ambao mpigaji kaukosa au kauacha) niliitamka kwa sauti ya msibani, mdakaji akageuka: "Umesema straiki au?" Ingizo la tatu, yaani kipindi cha tatu, mpira ukakwaruza gongo la mpigaji, ukanipiga usoni, ting! Barakoa ikapinda upande, wazazi wakanipigia makofi.

Jumamosi ijayo nina mechi mbili. Anayejua suruali ya kijivu, pana, ya kuficha kinga ndani, kwa bei ya kibinadamu, aniambie.